Zimwi Likujualo Limekula Miaka 19

Shangazi yangu ameacha kazi ya maabara aliyoifanya miaka 19, na familia yetu inaomboleza kana kwamba tumezika.

Wacha niwaambie ilivyokuwa. Mkitaka kunirukia, mnirukie mkiwa na habari kamili.

Tuliitwa kwa Baba mkubwa Jumapili moja baada ya kanisa. Kuku wawili walichinjwa, nikajua mambo ni mazito, maana kwetu kuku wawili ni wa mgeni au wa kesi. Shangazi alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Barua ya kujiuzulu alikuwa ameipeleka ofisini Alhamisi. Kwa hivyo hatukuitwa kumshauri. Tuliitwa kumshtaki.

Mashtaka yalikuwa matatu. Kwanza, kazi ya serikali yenye pensheni haiachwi, watu wanaipigania hadi kwa waganga. Pili, ana miaka 45, umri wa kutulia na kuhesabu miaka 15 iliyobaki astaafu. Tatu, anaenda Dar es Salaam kusimamia ubora kwenye maabara ya kampuni ya binafsi, na kampuni ya binafsi inaweza kufungwa kesho asubuhi. Baba mkubwa ni mwalimu mstaafu na hawezi kufunga kikao bila methali. Akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Watu wakaguna vile watu huguna kanisani. Kesi ikaisha, kuku wakaliwa.

Mimi sikusema kitu. Kijana aliyeacha chuo hana kiti kwenye mkutano wa kazi za watu. Kazi yake ni kuzungusha maji ya kunawa. Nikazungusha maji. Lakini nina simu, na nina nyinyi, kwa hivyo leo nasema.

Hiyo methali nimeitafuna wiki tatu. Isikilizeni vizuri. Haisemi zimwi halili. Inasema tu halimalizi. Yaani ushauri tuliompa mtu mzima mwenye shahada ya uzamili ni huu: kaa hapo uendelee kuliwa, kwa sababu utabaki kidogo. Sawa. Basi tuhesabu kilicholiwa.

Shangazi alianza 2006 akiwa na miaka 26 na diploma, katika kituo kimoja cha utafiti ambacho sitakitaja. Kazi yake kubwa ilikuwa slaidi za malaria. Kama huijui kazi hiyo, sikiza. Damu ya mtoto mwenye homa inapakwa kwenye kioo, inakaushwa, inatiwa rangi ya Giemsa, halafu mtu anaketi kwenye hadubini na kuitafuta malaria kwa jicho lake. Akiona vimelea, anavihesabu huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200, ndipo ijulikane mzigo wa ugonjwa ni kiasi gani. Asipoona kitu, haruhusiwi kuandika "hakuna" akaenda chai. Lazima apitie angalau sehemu 100 za ile slaidi, moja baada ya nyingine. Amefanya hivyo miaka 19, shingo imepinda, macho sasa yana miwani mizito. Huyo ndiye mnayesema ati ameamua kwa pupa. Huyu mama hasemi "hakuna" mpaka atazame mara 100.

Alisoma digrii jioni kwa pesa yake, akamaliza 2012. Mwaka wa 2014 akapandishwa daraja. Tukafurahi, nakumbuka soda. Akachukua mkopo wa sacco akasoma uzamili, akamaliza 2017. Cheti akakipeleka ofisini. Wakampongeza, wakatoa kopi, wakaiweka kwenye faili. Faili ile sasa imesoma kuliko mtu yeyote mle ndani, na ndiyo iliyofaidi. Yeye alibaki daraja lile lile. Kila mwaka jibu lilikuwa moja: bajeti hakuna, subiri mwaka ujao wa fedha. Miaka 11 ya mwaka ujao.

Kuna kijana aliingia pale akitoka chuo, hajui hata kushika slaidi bila kuacha alama za vidole. Shangazi akamfundisha. Leo kijana huyo ndiye anayetia sahihi fomu ya likizo ya Shangazi. Sina neno naye, na Shangazi mwenyewe humsifu. Lakini niambieni, mtu akiwa anaona wanafunzi wake wakimpita mmoja mmoja kama matatu zinazopita steji bila kusimama, mnataka aendelee kupunga mkono mpaka lini?

Na sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Baada ya ule mkutano nilimsindikiza steji. Shangazi huniita Baba kwa sababu nimerithi jina la babake. Tukitembea, akaniambia bila kunitazama, "Baba, hii si mara ya kwanza kuitwa. Waliniita 2022, nikakataa." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ulikuwa umeingia chuo."

Hivyo tu. Akanyamaza, tukaendelea kutembea.

Mwaka wa 2022 ndio mwaka niliojiunga na chuo kikuu. Baba hakuwa na kazi, Shangazi akachukua karo na kodi ya chumba. Hakuthubutu kuhama katikati ya jukumu hilo, maana kazi mpya ina miezi ya kujaribiwa na huwezi kulipa karo na "labda". Akabaki kwenye hadubini kwa ajili yangu. Halafu mimi, mwaka wa pili, nikaacha. Sababu zangu nilishazieleza humu na sizirudii. Siku nilipomwambia hakunigombeza. Aliniuliza kama nimekula.

Kwa hivyo msinione nikiandika kwa hasira mkadhani ni hasira ya mtandao. Katika miaka iliyoliwa, mingine niliila mimi. Zimwi lilikuwa na wasaidizi, na mmoja wao ndiye huyu mnayemsoma.

Hapo ndipo nilipoanza kuwakasirikia wote wanaotumia neno "uaminifu". Tuliweka mzigo wetu kwenye mgongo wa mtu mmoja, tukamwita mwaminifu kwa sababu hakuanguka. Alipojaribu kunyoosha mgongo, tukamwita msaliti. Msee, huo si uaminifu. Uaminifu una pande mbili. Ukiwa wa upande mmoja una jina lingine, na babu zetu walilijua vizuri.

Mtaniambia: lakini nchi je? Nchi ilimsomesha, nchi inahitaji wanasayansi.

Haya, tuongee nchi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 ilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, na ikasema serikali itie humo kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Ni sheria hiyo, imepitishwa bungeni, si ahadi ya jukwaani. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa hata mwaka mmoja. Shangazi aliposikia "bajeti hakuna" kila mwaka, alikuwa anasikia sauti ya nchi ikivunja sheria yake yenyewe. Nani ameitisha mkutano wa kuku wawili kuishtaki serikali? Aliyeacha kazi kwa barua na notisi ya mwezi ndiye msaliti, na aliyeacha sheria miaka zaidi ya kumi ndiye anayetuhubiria uzalendo.

Na tusisahau Januari 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na hapa Kenya watu wa miradi ya afya wakatumwa nyumbani: watu wa maabara, wauguzi, makarani wa data. Wengine walikuwa wamekaa miaka mingi wakiambiwa wao ni familia. Familia gani hiyo inayokutoa nyumbani kwa barua pepe? Shangazi hakuguswa, kazi yake ilikuwa ya kudumu. Lakini aliona meza za wenzake zikibaki wazi. Aliniambia kuna dada mmoja aliacha kikombe chake pale kwenye sinki, na hakuna aliyetaka kukiosha wala kukitupa. Siku hiyo ndiyo alitoa ile namba ya Dar kwenye simu akaandika ujumbe. Alielewa kwamba taasisi huondoka pia. Tofauti ni kwamba taasisi ikiondoka haiitwi na wazee.

Sasa niwape watu wawili mnaowajua, ili msiseme natetea ndugu yangu tu.

Wa kwanza ni wetu. Kabla ya miti na kabla ya Nobel, Wangari Maathai alikuwa mwanasayansi. Alianza kazi katika idara ya anatomia ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1966, akapata shahada ya uzamifu 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata, akawa mkuu wa idara na profesa mshiriki. Mwaka wa 1982, baada ya miaka 16, alijiuzulu ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, ati kwa sababu ya usajili wa kura. Akarudi mara moja kuomba kazi yake. Akaambiwa nafasi imeshajazwa. Nyumba ya chuo pia akatolewa. Miaka 16 ikafutwa kwa muda mfupi kuliko wa kufua nguo zikakauka.

Simalizii hapo kwa sababu mnajua kilichofuata. Aliweka nguvu zake zote katika Green Belt Movement, aliyokuwa ameianzisha 1977, na mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata tuzo ya amani ya Nobel. Leo nenda Chuo Kikuu cha Nairobi utakuta taasisi yenye jina lake. Chuo kile kile. Angekuwa ameketi tu kwenye anatomia kwa kuogopa zimwi, pengine angestaafu na saa ya ukutani na hotuba fupi.

Lakini sikieni upande wa pili wa hadithi hiyo, maana wanaohamasisha watu mtandaoni huuruka. Kuondoka kulimuumiza. Alipoteza mshahara, nyumba na cheo kwa mpigo, na hakuna aliyemjulisha kwamba kuna Nobel inamsubiri miaka 22 mbele. Bahati alikuwa amenunua kanyumba South C miaka ya nyuma, akahamia huko. Kumbuka hako kanyumba. Tutakarudia.

Wa pili ni Katalin Karikó, binti wa mchinja nyama kutoka Hungary. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka wa 1989, akishughulika na mRNA wakati ambao wengi waliona ni kupoteza muda. Pesa za utafiti alinyimwa mara kwa mara. Mwaka wa 1995 alishushwa cheo. Akabaki. Mwaka wa 2005 yeye na mwenzake Drew Weissman wakachapisha ugunduzi ambao baadaye ungebeba chanjo za Covid, na bado hapakuwa na tarumbeta. Mwaka wa 2013, akiwa na miaka 58, akaondoka kwenda kampuni ya Ujerumani iitwayo BioNTech. Amesimulia mwenyewe kwamba alipowaambia watu pale chuoni walimcheka, kampuni gani hiyo haina hata tovuti. Mwaka wa 2023 akapata Nobel ya tiba, na chuo kilichomshusha kikasherehekea.

Miaka 58! Na nyinyi mnamwambia Shangazi kwamba 45 ni usiku.

Sasa kuna swali moja ambalo siwezi kulikejeli, kwa sababu ni la kweli. Rafiki yangu muuguzi aliniuliza: wote wakienda, ni nani atasoma slaidi ya yule mtoto mwenye homa?

Nilikaa na swali hilo siku mbili. Mtoto huyo yupo. Slaidi ikisomwa vibaya, atapewa dawa ya ugonjwa asio nao, au atarudishwa nyumbani na malaria ndani ya damu. Sitaki kujifanya kuondoka kwa mkongwe wa miaka 19 hakuna gharama. Kuna gharama, na anayelipa kwanza ni mama aliyepanda boda akiwa na mtoto mgongoni. Shangazi analijua hilo kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana miezi ya mwisho alikaa na vijana wawili wa maabara, akiwachanganyia slaidi zake ngumu zaidi mpaka majibu yao yakalingana na yake. Hakuna aliyemlipa kwa hilo, na hakuna aliyemwomba.

Lakini swali lenyewe limepelekwa mlango usio wake. Anayepaswa kuulizwa "nani atabaki" ni yule mwenye funguo za mishahara na vyeo. Watu hawabakishwi kwa kuaibishwa. Wanabakishwa kwa kupandishwa daraja wakisoma, kwa kulipwa kwa wakati, kwa hadubini inayofanya kazi. Ukimwacha mtu ngazi moja miaka 11, basi wewe ndiye uliyemfukuza. Yeye alichelewa tu kuondoka.

Na nawaheshimu wanaobaki. Kuna watu kazi hiyo ni wito wao, na wakiambiwa wachague wangechagua kile kile kiti. Mungu awabariki, na mwajiri awalipe. Ninayempinga ni yule ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti hicho hata saa moja, na anamwamuru mwingine akikalie mpaka afe.

Najua lingine mnaloandika saa hii: "Wewe uliacha chuo, kila kuacha kwako ni ushujaa." Hapana. Mimi si ushahidi wa kitu chochote. Niliacha kabla sijawa na chochote mkononi, na kuna miezi nimesota mpaka nikapika ugali bila mboga na kuuita chakula cha mazoezi. Shangazi ameondoka akiwa na ujuzi ambao hakuna anayeweza kuuzuia mpakani. Mimi niliruka nikitumaini kuna maji. Yeye alishuka ngazi, na ngazi alikuwa ameijenga mwenyewe kila jioni baada ya kazi.

Ndiyo maana nilisema mkumbuke kale kanyumba ka South C. Kama wewe pia una barua iliyofichwa kwenye droo, usiitoe kwa sababu umesoma maneno ya kijana wa mtandao. Shangazi alilipa mkopo wa sacco kwanza. Aliweka akiba ya miezi sita. Aliulizia kuhusu pensheni yake na akapata jibu kwa maandishi. Mkataba wa Dar aliusoma na wakili kabla hajatia sahihi. Hakumtukana mtu ofisini, hata yule aliyestahili. Halafu ndipo akaandika barua, na barua yenyewe ilikuwa mistari minne. Kuondoka kwa heshima kunahitaji pesa na mpango. Hasira peke yake inakufikisha steji tu, nauli huna.

Wakubwa wa vituo na maabara, mnaposema vijana hawana subira, fungueni zile faili. Hesabuni vyeti vilivyolala humo na mtaje tarehe ya mwisho wenyewe walipopandishwa cheo. Msipoona kitu, tazameni mara 100 kama mnavyowadai wao.

Baba mkubwa, najua binti yako atakusomea haya. Sikukosei heshima. Ulitufundisha methali zote na hiyo ya zimwi ni ya kweli. Lakini ulitufundisha pia kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kwa nini siku ile ulichagua ile moja tu?

Shangazi amefika salama. Ananiambia anafundishwa upya kuongea, maana aliingia hotelini akasema "nipe chai" kama tunavyosema sisi, mhudumu akamtazama kana kwamba amemwibia. Sasa anasema "naomba chai". Anacheka akinisimulia, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka akiongea kuhusu siku yake ya kazi.

Nina deni lake la karo na siwezi kulilipa kwa maneno. Nimeanza kutuma kidogo kila mwezi. Mara ya kwanza alirudisha. Nikatuma tena, hiyo hakurudisha.

Na wewe mwenye ndugu anayesita mahali fulani, kwenye maabara, kwenye shamba la utafiti, kwenye kituo cha hali ya hewa, kabla hujachinja kuku na kumwita mbele ya wazee, muulize maswali mawili. Mara ya mwisho ulipandishwa cheo lini? Na ni nani kati yetu unayembakia?

Jibu la pili likiwa ni jina lako, nyamaza, umsaidie kufunga mizigo.